Kipuri kimeng'aa, lakini ndani kimebaki nini?

Injini ikishafumuliwa, wengi wetu huupima usafi kwa macho. Silinda hedi ikitoka nyeupe na pistoni ikirudi kwenye rangi yake ya fedha, kazi huhesabiwa imekwisha. Mimi napinga kipimo hicho. Uchafu utatolewa na mchanga, shanga za kioo, brashi ya waya, hata dawa kali. Tofauti iko kwenye kile kinachoachwa nyuma. Nikipima hivyo, kupuliza soda, yaani kukirushia kipuri punje za soda kwa hewa ya kompresa, ndiyo njia ninayoitetea kwa nguvu zote kwa vipuri vya ndani ya injini. Kwa kipuri kinachokwenda kupakwa rangi, natahadhari nayo.

Soda inayotumika ni bikaboneti ya sodiamu, ile ile iliyomo kwenye soda ya kuokea, ila punje zake kwa kawaida ni kubwa zaidi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko karibu na 2.5. Kioo kiko karibu na 5.5, mchanga wa kwatzi 7, na oksidi ya alumini 9. Punje ya soda inapogonga kipuri hupasuka, na nguvu hiyo hubandua masizi, rangi na mabaki ya gasketi huku chuma cha chini kikibaki na vipimo vyake. Katika ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York miaka ya 1980, soda ilipulizwa upande wa ndani kuondoa lami kwenye shaba yenye unene wa milimita 2.4 hivi. Mchanga ungeila shaba ile.

Sasa tuje kwenye njia za oili, maana ndiko ugomvi wangu uliko. Shanga za kioo na mchanga hukwama kwenye kona za njia hizo, kwenye nyuzi za bolti na kwenye mifereji ya ringi za pistoni. Alumini ni laini, kwa hiyo punje nyingine hujichimbia humo humo na huzioni. Injini ikiwashwa, joto na mtikisiko huzilegeza, oili inazibeba hadi kwenye beringi za krankshafti, mahali ambapo nafasi kati ya chuma na chuma mara nyingi haifiki hata milimita 0.1. Usitegemee chujio. Punje iliyojificha kwenye njia inayoanzia baada ya chujio inaifikia beringi moja kwa moja, haina haja ya kupita kwenye chujio kwanza. General Motors iliwahi kutoa waraka wa kiufundi kwa mafundi wake kuwakanya wasisafishe nyuso za gasketi kwa visahani vya msasa, kwa sababu chembe za oksidi ya alumini huingia kwenye oili na kuharibu beringi. Hivyo ni visahani vidogo vya mkononi tu. Fikiria basi bloku nzima iliyopigwa mchanga.

Soda ina jambo moja ambalo hizo nyingine hazina: inayeyuka kwenye maji. Lita moja ya maji yasiyopashwa moto huyeyusha zaidi ya gramu 90. Punje iliyokwama mahali ambapo jicho wala waya haufiki, maji ya moto yanaifuata na kuitoa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko ulaini wake.

Hata hivyo, kuna watu wanaoichukua hoja hiyo na kuipeleka kubaya. Wanapuliza soda kwenye injini iliyofungwa nusu, wakijiambia kwamba lolote litakaloingia litayeyuka. Litayeyukia wapi? Soda huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye oili. Ikiingia kwenye kata, lile bakuli la oili chini ya injini, bila kuoshwa inabaki kuwa uchafu kama uchafu mwingine. Vilevile, kipuri chenye grisi hakipulizwi. Soda ikichanganyika na grisi inakuwa uji mzito, na uji huo unaziba tundu la oili. Grisi itoke kwanza, kipuri kikauke, vizibo vya njia za oili vifunguliwe, ndipo soda ipulizwe. Baada ya hapo ni maji ya moto na sabuni, brashi nyembamba kupita kila tundu, hewa kavu, na oili kwenye kuta za silinda papo hapo. Chuma cha kusubu kilichooshwa kikiachwa hivi hivi hushika kutu upesi mno.

Kwenye rangi mambo yanageuka. Ule upole unaookoa nyuso za gasketi unauacha uso laini, na rangi inahitaji mikwaruzo ya kushikia. Kutu pia soda haiiwezi, labda ile nyepesi ya juu juu. Kuna na utando mwembamba wa chumvi ya sodiamu unaobaki, ambao unaizuia praima, yaani rangi ya chini ya kutangulia, isishike. Kwa rangi ya unga hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na bikaboneti huanza kuvunjika mapema sana kabla ya hapo, ikitoa kaboni dayoksaidi na mvuke. Gesi hiyo inatafuta njia ya kutokea wakati rangi inashika.

Kwa hiyo bloku inayotaka kupakwa rangi nje naiona kama kazi mbili. Soda itangulie, iondoe rangi ya zamani na kuonyesha nyufa bila kuzifukia. Uoshe kwa maji, kisha maji yenye siki kidogo, kisha maji safi tena, na ukaushe. Halafu sehemu za nje tu zipigwe kwa kitu kigumu, kama ganeti (punje za madini magumu), matundu yote yakiwa yamezibwa kwelikweli. Plastiki ya kubandika haitoshi, inatoboka. Tumia vizibo vya mpira au bolti zenyewe, na uoshe tena ukimaliza.

Soda haina silika, yaani yale madini ya kwatzi yaliyomo kwenye mchanga, kwa hiyo haileti ugonjwa wa mapafu unaoletwa na mchanga, lakini vumbi lake linabeba rangi ya zamani ambayo huenda ina madini ya risasi yenye sumu. Barakoa ya kuchuja vumbi ni lazima. Hewa ya kompresa nayo iwe kavu, la sivyo soda inagandamana kwenye bomba.

Wanaolalamikia gharama wana haki, maana soda hutumika mara moja ikaisha, na shanga za kioo hurudiwa. Mimi bado ningelipa. Kwa kava ya valvu upande wa nje, mng'ao wa shanga ni mzuri na sina neno nao. Kwa silinda hedi, pistoni na bloku, fundi akiniambia atatumia shanga kisha atapuliza hewa tu, nachukua vipuri vyangu naondoka.