Kutembea peke yake hakutoshi

Kuna makala inayowashauri wanaokaribia kustaafu watembee nusu saa kila siku. Ni sawa kabisa, ila kutembea hakutoshi kujenga nguvu za mapaja, na hizo ndizo zinazomwinua mtu kitini au chooni. Usingoje ufike miaka 60. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa karibu na ukingo, nyayo zote chini, mikono umeikunja kifuani. Inuka, kisha shuka taratibu ukihesabu hadi 3. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Siku 2 au 3 kwa wiki. Wengi hujitupa kitini, na hapo nusu ya zoezi imepotea, maana msuli hufanya kazi hata wakati wa kushuka. Magoti yasiingie ndani yakakaribiana. Na mwenye presha, tafadhali, asibane pumzi: atoe hewa anapoinuka.