Kodi ya Shamba Enzi za Victoria: Punguzo la Muda Lilikuwa Dawa Mbaya

Msimamizi wa mashamba katika mji wa gulio, Uingereza ya Malkia Victoria, hukumbukwa kama mtoza kodi mwenye daftari kwapani. Lakini kodi hiyo, yaani pango ambalo mkulima alimlipa mwenye ardhi, ilitozwa mara mbili tu kwa mwaka, ikihesabiwa hadi 25 Machi na 29 Septemba. Wakulima walikuja mjini, wakalipa, kisha wakalishwa kwa gharama za mwenye ardhi. Siku nyingine zote msimamizi alikuwa kwenye matope.

Matope yenyewe ndiyo yalikuwa kazi. Shamba la mfinyanzi lisilotolewa maji halizai ngano ya maana, kwa hiyo tangu 1846 serikali ilikopesha wenye ardhi fedha za kufukia mabomba ya udongo. Mkopo ulirejeshwa kwa miaka 22, asilimia 6.5 kila mwaka, riba na deni pamoja. Ekari iliyogharimu pauni 6 ilidai takriban shilingi 8 kwa mwaka. Mitaro ikipishana futi 24, ekari moja inameza futi 1,815 za bomba. Unachimba kuanzia chini, maji yanapotokea, ukipanda juu, ili mtaro usijae maji ukiwa bado kazini. Msimamizi makini hakuruhusu udongo urudishwe kabla hajakagua mteremko, maana bomba moja lililokaa kombo hukusanya tope na kuziba mstari mzima ulio juu yake. Wengine walishikilia kina cha futi 4 hata kwenye mfinyanzi mgumu, na maji yakabaki juu yakituama. Na asiyechora ramani ya mabomba alimwachia mrithi wake kazi ya kubahatisha kwa sululu.

 

Mtihani ulikuja na mvua za 1879. Ngano ilioza, kondoo wakafa kwa minyoo ya ini, na bei haikupanda kufidia hasara kwa sababu meli zilikuwa zinashusha ngano ya Marekani. Mwaka 1877 kwota moja, yaani kama lita 290, iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 56. Mwaka 1894 ilikuwa shilingi 22 na peni 10. Hapo wasimamizi wengi walikimbilia punguzo la muda: mkulima anarudishiwa asilimia 10 au 20 siku ya malipo, lakini kodi iliyoandikwa haiguswi.

Naona hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko ukali wowote. Mkulima asiyejua Septemba atasamehewa kiasi gani hanunui mbolea wala mashudu mwezi Machi. Anakamua shamba, halafu anatoa notisi. Linalorudi mikononi mwa msimamizi ni shamba limejaa magugu na mageti yamevunjika, na mpangaji mpya analitaka kwa kodi ndogo kuliko ile ambayo wa zamani angeikubali kwa furaha.

Kwa nini basi wasimamizi waling'ang'ania punguzo la muda? Mali nyingi zilifungwa na hati za ukoo: posho ya mjane, mafungu ya wadogo zake mrithi, riba ya rehani, zote kwa pauni zisizobadilika. Kushusha kodi kwenye daftari kulikuwa kukiri mbele ya wakopeshaji kwamba dhamana imepungua. Na baadhi ya mawakili wa mjini waliofanya usimamizi kama kazi ya pembeni walilipwa kwa asilimia ya kodi. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje aipunguze?

Sheria ya 1883 ilibana kidogo. Mkulima anayeondoka alidai fidia ya maboresho, na mkataba wa kumnyima haki hiyo ukawa batili. Ile ya 1875 ilikuwa imeacha mlango wazi wa kuikwepa kwa mkataba. Haki ya mwenye ardhi kukamata mifugo kwa malimbikizo ya kodi nayo ilishushwa kutoka kodi ya miaka sita hadi ya mwaka mmoja. Msimamizi mwenye akili alisoma hapo kwamba deni la kuachiwa likue halilipiki tena. Akathamini upya shamba kipande kwa kipande, mfinyanzi kivyake na malisho kivyake, akaandika kodi mpya kwa miaka kadhaa, kisha akaenda kumkabili bwana mwenye ardhi.