Nishati Haipotei, Ila Yangu Siioni

Nishati haipotei. Nimeambiwa hivyo jana na mtu aliyevaa kandambili, mikono mfukoni, huku mimi nimekumbatia jokofu.

Naomba mnisikilize, maana hili nikilinyamazia litageuka presha, na presha nayo nitaambiwa ni nishati iliyobadilika umbo.

Lifti mnazijua, sina haja ya kueleza. Kile kikaratasi cha kuomba radhi kimekaa mlangoni mpaka maandishi yamefifia. Kwa sasa ni lifti yenyewe inayosubiri radhi yetu. Mimi nilikuwa nashuka zangu kwa ngazi, mtu mzima, shati limechomekewa, mwendo wa mtu mwenye heshima zake. Chini nikamkuta mpangaji mpya wa ghorofa ya sita amesimama kando ya jokofu. Akanitazama mimi, akatazama ngazi, kisha akaniita "baba".

Jamani, ukiitwa "baba" na kijana usiyemjua aliyesimama kando ya mzigo, kimbia. Usiulize. Mimi malezi yakanishika miguu.

"Ni dakika mbili tu, baba. Wewe unashika huku chini, mimi nashika juu."

Waliowahi kushika chini hawahitaji maelezo. Wa juu anashika adabu tu. Uzito wote unamteremkia wa chini, na wa chini haoni chochote isipokuwa bati. Nilipanda ngazi nikiwa nimelaza shavu kwenye jokofu la watu. Ghorofa ya kwanza nilikuwa bado natoa maelekezo. Ghorofa ya tatu nilikuwa nataja majina ya ndugu zangu waliotangulia.

Ghorofa ya nne mlango ukafunguka. Mwalimu. Huyu mzee kafundisha fizikia mpaka kustaafu, na tangu astaafu hajapata mwanafunzi. Anavizia watu kwenye ngazi.

"Simameni hapohapo! Msisogee hata kidogo!"

Nikadhani ameona ufa kwenye ngazi. Tukasimama.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana hata chini ya jokofu mtu una kwenu.

"Marahaba. Sasa nikuulize. Hapo ulipo, unafanya kazi?"

Nikamwambia kwa sauti iliyobaki kwamba kama hii siyo kazi, basi sijui maisha yangu yote nimekuwa nikifanya nini.

"Umekosea!" Alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. "Kazi ni nguvu mara umbali. Jokofu halisogei, umbali ni sifuri. Nguvu yako hata iwe kubwa namna gani, mara sifuri ni sifuri. Kwa mujibu wa fizikia, wewe hapo hufanyi kazi yoyote."

Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye soksi. Nimetukanwa sana katika maisha haya, na bosi, na makonda, na watoto wa shule, lakini sijawahi kuitwa mvivu nikiwa nimebeba jokofu.

"Mwalimu," nikasema, "na hili jasho?"

"Ahaa! Swali zuri." Akaegemea fremu ya mlango. Mtu anayefundisha akishaegemea kitu, ujue bado mpo sana. "Msuli wako hauko kama meza. Meza inaweza kubeba jokofu mwaka mzima na isitumie kitu. Msuli unabaki umekaza kwa sababu nyuzi zake zinajivuta na kuachia, zinajivuta na kuachia, na kila mara zinatumia kemikali uliyoipata kwenye chakula. Jokofu hulipi chochote. Nishati yote inatoka kwako kama joto. Lakini haipotei!"

"Inakwenda wapi?"

"Hewani. Ukutani. Kwenye jokofu."

Nimelipasha joto jokofu. Nawaomba mlitafakari hilo. Mtu kanunua mashine ya baridi, mimi naipasha joto kwa shavu langu, bure, kabla hata haijachomekwa.

Nilidhani somo limekwisha, nikanyanyua mguu. Ndipo yule kijana wa juu, ambaye hana uzito wowote mkononi, akauliza: "Mwalimu, hivi nani aligundua hayo?"

Mungu anamwona.

"Mwaka 1840," Mwalimu akaanza, na mimi nikafumba macho, kwa sababu kutoka 1840 mpaka leo ni mbali. "Daktari mmoja Mjerumani, Julius Robert Mayer, alisafiri na meli ya Waholanzi hadi Java. Akiwatoa mabaharia damu kwa matibabu, akaona damu ya vena, ile inayorudi moyoni, ni nyekundu kuliko alivyozoea kwao kwenye baridi. Akafikiri: kwenye joto mwili hauhitaji kuunguza sana ili ujipashe moto, kwa hiyo oksijeni inabaki nyingi kwenye damu. Kutoka hapo akafika kwenye wazo kwamba joto na kazi ni kitu kimoja kilichovaa nguo tofauti. Akaandika mwaka 1842. Hawakumjali."

"Mwalimu, mgongo."

"Subiri, tuko 1842 tu. Huku Uingereza, James Joule, mtengeneza bia, alikuwa anateremsha mawe ya mizani yaliyofungwa kamba, kamba inazungusha pangaboi ndani ya maji, halafu anapima maji yamepata joto kiasi gani. Kidogo sana! Lakini yeye alikuwa na vipimajoto vizuri na subira. Mwaka 1847 akaoa, na mwenzake William Thomson anasimulia kwamba alimkuta fungate huko Alps kashika kipimajoto kirefu, anatafuta maporomoko, apime kama maji ya chini yana joto kuliko ya juu."

"Yalikuwa nalo?" akauliza yule muuaji wa juu.

"Kwa hesabu, maji yakianguka mita 427 na joto lote likabaki ndani yake, yanapata digrii moja ya Selsiasi. Moja!"

Nikamfikiria mke wa Joule. Mtu amevaa vizuri, milima iko pale, theluji iko pale, mume kainama kwenye maji anasoma namba. Ndoa inahitaji nishati nyingi, na hiyo sidhani kama Joule aliipima.

"Mwaka huohuo," Mwalimu akaendelea, bila kuhema, maana yeye hakubeba kitu, "Hermann von Helmholtz, daktari wa jeshi, kijana wa miaka 25, akaiandika kanuni yenyewe kwa hesabu, ikakaa sawa."

Hebu angalieni hiyo orodha. Daktari, mtengeneza bia, daktari. Hakuna mpagazi hata mmoja. Kanuni ya nishati ya ulimwengu mzima imepitishwa bila kumuuliza mtu aliyewahi kushika chini. Mpagazi angekuwa na maswali mengine kabisa.

Hapo mikono ikaanza kutetemeka. Heshima ilikuwa imeshaondoka tangu Alps. Nikapiga kelele, na sioni aibu kuwaambia: "Mwalimu, tupishe!" Akatupisha, lakini akatufuata nyuma mpaka ghorofa ya sita, akihesabu kwa sauti. Mzee wa umri ule, na hakuhema. Ndipo nikaelewa kandambili zile ni za kazi.

Tulipolitua, nikakaa sakafuni. Akasimama juu yangu, akaniambia uzito wangu ni kama kilo 70, ghorofa sita ni kama mita 18, kwa hiyo kujipandisha mwenyewe nimefanya kazi ya jouli 12,000 na ushee. Jouli ndicho kipimo cha nishati, jina ni la yuleyule wa fungate.

Nikaona angalau. Jouli elfu kumi na mbili! Ni namba ya kumwambia mtu.

"Yaani kilokalori tatu," akasema.

Tatu.

"Msuli unageuza kama robo tu ya kinachotumika kuwa kazi, kwa hiyo tuseme umetumia kumi na mbili. Kinachobaki ni joto. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji nishati ambayo ingekupandisha ngazi hizi mara 27. Na simu yako hapo mfukoni, kama betri yake ni ya wati-saa 15 na imejaa, ina nishati ya kukufikisha huku juu mara nne na chenji ikabaki."

Nikaitoa simu. Nikaitazama. Nimepanda na simu yenye uwezo wa kunibeba mara nne, na mimi ndiye niliyeibeba. Hakuna mtu aliyeniambia. Ilikuwa imetulia mfukoni, ya moto, inatafuta mtandao.

"Na ile nishati niliyoweka kwenye jokofu?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kufuatilia mali yangu.

"Iko. Jokofu sasa lina jouli kama elfu kumi zaidi kuliko lilivyokuwa chini, kwa sababu ya kimo."

"Ni zangu?"

"Ni za jokofu."

"Naweza kuzirudisha?"

"Lidondoshe dirishani, zitatoka zote."

"Zije kwangu?"

"Ziende kwenye lami."

Kijana akasogea taratibu akasimama kati yangu na dirisha.

Hiyo ndiyo kanuni, ndugu zangu, na hapo ndipo inaponikera. Hakuna mahali inaposema uongo. Inafanana na yule mdeni asiyekana deni: kila ukimpigia anapokea, anasalimia vizuri, anasema "hela zako zipo, hazijapotea". Zipo wapi? Zipo kwenye mzunguko. Nilipomwambia Mwalimu, akakiri kwamba kuna kanuni ya pili, kwamba joto likishasambaa halijikusanyi lenyewe kurudi lilikotoka, na kwamba mwanafizikia Mjerumani, Rudolf Clausius, alilipa jambo hilo jina la entropia mwaka 1865. Sasa mbona hiyo wanaisema kwa sauti ya chini? Shuleni tuliimbishwa darasa zima kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi. Hakuna mwalimu aliyepiga meza akasema: "Ila ikishakuwa joto la ukutani, watoto, isahauni."

Na kuna jingine ambalo alinitajia kwenye ngazi wakati nashuka, kunituliza, na likanichafua zaidi. Mwanamke aliyeonyesha kwa nini nishati inahifadhiwa ni Emmy Noether, Mjerumani, mwanahisabati. Mwaka 1918 alichapisha uthibitisho ambao ndani yake kuna jibu hili: kwa kuwa kanuni za maumbile ni zilezile jana, leo na kesho, lazima kuwe na kiasi kisichobadilika, na kiasi hicho ndicho nishati. Kumbe ni suala la kanuni kutogeuzwageuzwa. Ningependa wenye ofisi wasikie. Basi huyo mama, pale chuo kikuu cha Göttingen, alikuwa anafundisha bila mshahara, na vipindi vyake vinatangazwa kwa jina la mwanamume, David Hilbert, kwa sababu kina baba wa chuo hawakutaka mwanamke kwenye kiti. Amewahifadhia nishati ya ulimwengu, mshahara wakaona ndio wa kuhifadhi wao.

Nimerudi nyumbani nikiwa siwezi kuona kitu bila kukifanyia hesabu. Ile balbu ya zamani ya korido, karibu umeme wote inaokula inautoa kama joto. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukilipia jiko dogo linalong'aa. Kwenye gari, sehemu kubwa ya petroli inaishia kuwa joto, na kidogo kilichofika kwenye gurudumu dereva anakiuwa kwa breki kwenye kila tuta. Wapo wanaolipa ili wakimbie juu ya mkanda na wasifike popote, hao nawaombea. Hata nikilala sipumziki: mwili uliotulia unatumia kama wati 80, kwa hiyo nakoroma na bado nalipasha joto godoro.

Kijana wa jokofu, jioni ileile, joto limezidi, kaliacha wazi mlango ili chumba kipoe. Mwalimu kamsikia mpaka ghorofa ya nne. Jokofu haliumbi baridi, linahamisha joto kutoka ndani kulipeleka mgongoni, na linaongeza na lake la mota. Chumba kikawa tanuri, na ngazi nzima tukasomeshwa upya.

Lakini mgonjwa kuliko wote ni shemeji yangu. Yeye kanuni haimhusu. Ametengeneza mashine: mota inazungusha jenereta, jenereta inaendesha mota, na umeme unaobaki unawasha nyumba. Nikamwambia, shemeji, Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua tangu mwaka 1775 kwamba hakitapokea tena mashine za kujiendesha milele. Akasema ndiyo, waliogopa.

"Na huu waya unaokwenda ukutani?"

"Wa kuiamsha tu."

"Ikishaamka?"

"Tunauchomoa."

"Umeshauchomoa?"

"Bado haijaamka vizuri."

Tatizo, anasema, ni msuguano, na msuguano ni mambo ya grisi. Anatafuta mwekezaji wa kwanza, na kwa heshima ya undugu ameanzia kwangu. Nikampa ushauri badala ya pesa, akaupokea kwa uso wa mtu aliyepewa chenji pungufu. Juzi kanitumia picha ya toleo jipya: gurudumu kubwa zaidi, na waya mnene zaidi.