Taa ya saa 2, mwanga wa nusu saa

Boksi la taa yangu ya kamera limeandikwa inawaka saa 2. Hawasemi ni saa 2 ukiipunguza mpaka iwe kama koroboi! Jumamosi, harusi huku Kadutu, Bukavu, umeme umekatika kama kawaida yake, nikaiwasha asilimia 100. Hata nusu saa haikufika. Ikapepesa mara tatu, ikazima, bibi harusi kainua kipande cha keki, bwana kafungua mdomo. Giza. Mama mmoja akauliza: "Kijana, kwani tulikulipa nusu?"

Na hesabu wala si ngumu: taa inakula wati 30, betri ina wati-saa 16, yaani kama nusu saa tu. Tena hapo betri iwe mpya. Sasa natembea na betri 4 mfukoni kama mchuuzi, na usiku wa manane niko macho nangoja umeme urudi nizichaji.