EPZ kila kaunti? Kitambaa kitatoka wapi?

Juzi kwa redio mheshimiwa mmoja alikuwa anaahidi kujenga EPZ kaunti yake, yaani eneo maalum la viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuza nje kwa msamaha wa kodi, ati vijana wote watapata kazi, na mtangazaji anamchekea tu, hata swali moja hamuulizi.

Hii kitu si mpya jamani. Hapa Kenya sheria ya EPZ ilipita 1990 wakati wa Moi, Athi River ikawa ndio makao yake. Masharti tunayajua, miaka 10 kampuni hailipi kodi ya mapato, miaka 10 inayofuata inalipa asilimia 25, mashine na malighafi zinaingia bila ushuru. AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, ilipokuja 2000 viwanda vya nguo vikajaa, na Mmarekani mwenyewe aliruhusu nchi kama yetu tushonee kitambaa cha kutoka popote. Basi kontena linatoka China, linashuka Mombasa, linapanda Athi River, tunakata, tunashona, tunatia vifungo (navyo vya kuagizwa), halafu mzigo unateremka tena Mombasa kwenda Marekani. Hapo tumeuza nini kama si mikono na msamaha wa kodi?

Na miaka hiyo hiyo mkulima wa pamba Nyanza na Magharibi anakata tamaa. Viwanda vya nguo navyo vinaanguka, KICOMI Kisumu imefungwa, Rivatex Eldoret imekufa mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, mitumba nayo imefunguliwa mlango. Huenda suruali imeshonwa Athi River, ikazeekea Ohio, ndio wewe ukaiokota soko la mitumba la Gikomba. Hongera kwetu!

Sasa kiwanda kisicho na mizizi kinakushikilia na nini? Januari 2005 vikwazo vya kiasi cha nguo ambacho nchi ingeweza kuuza nje vilipoondolewa duniani, China ikaachiliwa, na kwetu viwanda kadhaa vikafunga. Cherehani unazipakia tu unahama.

Ya wafanyakazi sisemi mengi, ila EPZ hazikubanwa na Sheria ya Viwanda, ile ya usalama wa wafanyakazi, mpaka watu wakagoma mwanzo wa 2003 ndio serikali ikaamka.

Haya, kazi zilipatikana, kuna watoto wamelipiwa karo na mishahara ile, siwezi kukataa. Na Mauritius waliotunga sheria yao 1970 walifika mbali, lakini kule matajiri wa miwa wa hapo hapo walitia pesa zao, baadaye wakajenga na viwanda vya kusokota uzi.

Kwa hivyo mheshimiwa, kabla ya geti na ua, tuonyeshe ginari ya kuchambua pamba iko wapi na mkulima utamlipa ngapi kwa kilo.