Kitana, waya au spairo: kitabu cha mwanafunzi kifungwe vipi?

Wengi wanaochapisha nakala chache za maswali ya tuisheni au nyimbo za kwaya hapa Dar es Salaam hulikumbuka suala la kufunga wakiwa kaunta ya steshenari, karatasi zimeshatoka kwenye mashine. Hapo bei ndiyo huamua, na mara nyingi kinachukuliwa kitana, ule mgongo wa plastiki wenye meno 21 kwa karatasi ya A4. Swali la kuanza nalo ni jingine: kitabu hiki kitaishi wapi?

Kitana kina hoja nzito upande wake. Hufunguliwa na kufungwa tena kwa mashine ileile, kwa hiyo mada ikibadilika unachomoa kurasa za zamani na kuingiza mpya. Mgongo wake mpana hubeba jina la kitabu likasomeka rafuni. Kwa mwongozo unaokaa mezani ofisini, sina ugomvi nacho hata kidogo. Ila hakigeuki jalada likakutana na jalada, na meno yake huachia yakigandamizwa. Mwanafunzi aliyesimama kwenye daladala la Mbagala asubuhi, begi limebanwa kifuani, hufika darasani kurasa zinaning'inia. Mzazi amelipia kitabu, na mtihani bado uko mbali.

Waya wa vitanzi viwili ndio unaopendeza zaidi. Kurasa mbili zikifunguliwa hukaa sawasawa, hivyo ramani au jedwali linalovuka katikati halipishani mistari. Kwa kalenda na michoro ya wasanifu majengo, sioni wa kushindana nao. Begini ni habari nyingine: chuma kikishapinda hakirudi, na karatasi hukwama.

Spairo, yaani uzi mmoja wa plastiki unaozunguka kupita tundu hadi tundu, hubonyea ikarudi, na kitabu hukunjika nyuma kabisa, jambo la maana kwa mwanakwaya anayekishika kwa mkono mmoja. Walakini upo. Kurasa zinazotazamana hupishana kidogo kwa sababu uzi unapanda, kuongeza karatasi ni kazi ya kuizungusha yote itoke, na ncha zisipokunjwa vizuri inachomoka yenyewe. Hata hivyo, kwa kitabu cha kubebwa kila siku, hiyo ndiyo ningeilipia, hata ikizidi bei. Ukiagiza, onyesha kwa kidole unayoitaka, maana kaunta nyingi kitana nacho huitwa spairo.

Uamuzi huu ufanyike kabla ya kupanga kurasa. Matundu yanakula ukingo wa ndani, na nimeona majibu ya hesabu yaliyotobolewa katikati ya tarakimu. Milimita 20 upande huo zinatosha. Unene nao upimwe: karatasi 100 za gramu 80 kwa mita ya mraba ni kama sentimita 1, kwa hiyo duara la kitana, waya au spairo liwe na nafasi ya ziada ya milimita 3 hivi. Duka likiwa na duara dogo tu, gawa kitabu juzuu mbili.