Rangi ya dukani na rangi ya juani

Chini ya taa za duka moja la Kariakoo, mkoba wa ngozi wa rangi ya damu ya mzee ulikuwa umetulia, mfuniko na mbavu rangi moja. Nilipotoka nao barabarani Msimbazi, saa saba mchana, mfuniko ukabaki damu ya mzee, mbavu zikawa kahawia. Kurudi kwa muuzaji, nikapewa lile jibu tunalolijua sote: "Hiyo ndiyo ngozi orijino, kaka. Feki ndiyo inayofanana kote." Mafundi wa ngozi nao husema hivyo hivyo, na kuongeza kwamba mpimaji wa rangi kiwandani anakataa ngozi nzuri kwa tofauti isiyoonekana, tena kwa vifaa vya gharama.

Jibu hilo tusilibeze. Ngozi ya mgongoni nyuzi zake zimeshikana, ya tumboni imelegea, na kila moja hunywa rangi kivyake. Ongeza makovu ya miiba, kupe na chapa za moto. Anayetaka ngozi zote zitoke sawa kama vigae atazipaka rangi nzito mpaka vinyweleo vifukiwe, na ukizishika ni kama umeshika kiti cha daladala. Hapo mafundi wako sahihi.

Ila yule mpimaji wa kiwandani hagombani na tumbo wala mgongo. Tofauti ya tumbo na mgongo vilivyotoka pipa moja la rangi kwa kawaida ningeiona mle mle dukani. Inayongoja jua ni kitu kingine: vipande vimepikwa kwa rangi zisizo na asili moja, vikalinganishwa chini ya taa moja tu. Kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga, hivyo rangi mbili hupatana chini ya hii na kuachana chini ya ile. Hilo si tabia ya ng'ombe, ni kazi ya mtu.

Ndiyo maana mpimaji ana kasha lenye taa za aina mbalimbali, mojawapo ikiiga mwanga wa mchana, kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Ana pia spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, inayogeuza tofauti ya rangi kuwa namba iitwayo Delta E. Ikiwa chini ya 1, wengi wetu hatuioni. (Mashine nayo ina upofu wake: husoma kiduara kidogo tu, na mng'ao huichanganya, kwa hiyo jicho halijafukuzwa kazi.) Mbona mama anayetafuta uzi wa kitenge hutoka nao mlangoni kabla ya kulipa? Hakuna anayemwita msumbufu.

Malalamiko ya gharama nayaelewa. Fundi mwenye meza moja na cherehani hawezi kununua spektrofotomita. Lakini mlango anao, na jua la Dar halina bili.

Kuna na kipimo kingine cha kiwandani, cha kuona kama rangi inahama ngozi ikisuguliwa na jasho; hicho ndicho kingenifaa zaidi. Kwa utaratibu wa ISO 11640, kiwango cha kimataifa cha kupima ngozi, kipande cha sufu nyeupe husuguliwa kwenye ngozi mbele na nyuma, kikiwa kikavu, kikiwa na maji, kisha na jasho la kutengenezwa. Rangi iliyohamia hulinganishwa na skeli ya kijivu, yaani ngazi za kulinganishia, 1 hadi 5, na 5 maana yake haikuhama kitu. Mimi nilikifanya bila kujua, Januari, nimesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara: bega la shati langu jeupe lina mstari wa damu ya mzee, upana wa vidole viwili, na umefuliwa mara nne.